Mama Mkatoliki na watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la tatu, wa mwisho bado ananyonya. Kwenye parokia yetu hapa Dar es Salaam namsaidia katekista kuwaandaa wazazi wanaoleta watoto ubatizoni. Maswali haya nayasikia kila mara: machache darasani, mengi zaidi Jumamosi asubuhi jumuiya, yaani sala ya majirani Wakatoliki, ikiisha, mikeka inakunjwa, mama mmoja ananivuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini. Nimeyaandika kwa sababu inaniuma kuona kina mama wamebeba mizigo ambayo Kanisa halikuwatwika.

Nisipoenda Misa Dominika kwa sababu ya mtoto mchanga, nimetenda dhambi?

Hapana, na sisemi hivyo kwa kukuonea huruma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2181, inapoeleza wajibu wa Misa ya Dominika inataja pia sababu nzito zinazomwondolea mtu wajibu huo, na mifano inayotoa ni ugonjwa na kutunza watoto wachanga. Imeandikwa wazi. Mimi sikulijua hilo nilipojifungua mara ya kwanza. Kila Dominika kengele ikigonga nilikuwa nalia kitandani, na siku nilipoweza kutoka nilikimbilia kwenye kitubio. Padre mzee aliyeniungamisha aliniuliza swali moja tu: "Na mtoto ungemwachia nani?"

Ila tusidanganyane. Mtoto wa wiki tatu si sawa na mtoto wa miaka miwili anayekimbia uani akifukuza kuku. Huyu wa pili anabebeka, aje. Kama nyumbani mko wawili, pokezaneni: baba aende Misa ya kwanza, akirudi wewe uende ya pili. Siku isipowezekana kabisa, fungulia Misa ya Radio Maria huku ukiogesha mtoto. Haishiki nafasi ya Misa ya kanisani, lakini nyumba inajua leo ni Dominika. Na kama umejifungua kwa upasuaji na utakaa ndani wiki nyingi, mwambie mwenyekiti wa jumuiya apeleke jina lako parokiani ili uletewe Komunyo nyumbani. Wagonjwa na wazee huletewa, na wewe mwenye mshono omba bila aibu.

Nimeambiwa mzazi haingii kanisani mpaka arobaini ziishe. Ni sheria ya Kanisa?

Ni desturi yetu ya kumpumzisha mzazi, na kama mapumziko ni desturi nzuri sana; usiikimbie. Lakini hakuna unajisi wowote. Ukipata nguvu siku ya ishirini, njoo. Kwenye ibada ya ubatizo wenyewe, mwishoni, kuna baraka maalumu ya mama kabla ya ile ya baba. Wengi huikosa kwa kuwa macho yote yako kwa mpiga picha.

Mtoto akilia kanisani watu wananigeukia. Nikae wapi?

Kaa mbele. Najua kila mama anakimbilia benchi la mwisho karibu na mlango, na huko ndiko mtoto anakosa subira: haoni chochote isipokuwa migongo ya watu wazima. Ukimkalisha mbele anaona mishumaa, anaona watumishi wa altare wakipita na chetezo, anaona padre akiinua Hostia na kengele ikilia. Mnong'oneze sikioni, "Tazama, Yesu yule." Wa kwangu wa kati aliacha kusumbua tangu siku nilipompeleka benchi la pili.

Akilia kweli kweli, toka naye taratibu, mtulize, urudi. Usibaki nje mpaka mwisho ukiongea na kina mama wenzako. Chukua chupa ya maji na kitambaa. Acha nyumbani midoli inayopiga kelele na simu yenye katuni.

Niliwahi kuambiwa na mhudumu wa kanisa mmoja, mbele za watu, nimtoe mtoto "mpaka awe na akili". Nilitoka na machozi na nilikaa miezi bila kurudi. Kwa hiyo nawaomba ninyi mliokaa karibu na mama mwenye watoto: msimtazame, mshikieni mmoja. Bwana alisema watoto waachwe waje kwake, na aliwaambia hivyo wanafunzi wake waliokuwa wakiwazuia.

Naweza kunyonyesha wakati wa Misa?

Ndiyo. Tarehe 12 Januari 2014 Papa Fransisko alibatiza watoto 32 katika Kanisa dogo la Sistina, na katika mahubiri aliwaambia kina mama kwamba mtoto akilia kwa njaa wamnyonyeshe pale pale. Tandaza kanga begani kama unavyofanya kwenye daladala.

Nikinyonyesha njaa inaniuma sana. Nikinywa uji kabla ya Misa naruhusiwa kukomunika?

Mfungo wa Ekaristi ni saa moja kabla ya kupokea Komunyo, si kabla ya Misa kuanza. Maji na dawa havivunji. Ukinywa uji nyumbani kabla ya kutoka, njia pamoja na masomo na mahubiri vitakuwa vimekwisha kumaliza saa hiyo. Na sheria hiyo hiyo, kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa, inawaondolea sharti wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza. Mama unayeuguza mtoto wodini, padre akipita na Ekaristi, pokea hata kama chai umeinywa sasa hivi.

Kwaresima je? Nifunge?

Siku za kufunga kwa Kanisa zima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na zinawahusu wenye umri wa miaka 18 mpaka 59. Kujinyima nyama kunaanzia miaka 14. Mjamzito na anayenyonyesha halazimiki kupunguza chakula, kwa kuwa mwili wake unalisha mtu mwingine. Kula. Mfungo wako utafute kwingine: simu iwekwe kabatini watoto wakirudi shule, au yale maneno makali ya asubuhi ya kutafuta soksi.

Watoto wapewe kitu wanachokishika mkononi. Nyumbani kwetu kuna kopo la Kwaresima juu ya kabati. Hela ya barafu au ubuyu inaingia humo, na Wiki Kuu wenyewe wanalipeleka. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza kwa kupishana siku chache tu, na mtoto wangu akaniuliza mbona jirani anafunga mpaka jioni na sisi tunakula. Nilimwambia kila mmoja anamtafuta Mungu kwa mfungo wake, kisha nikamtuma apeleke sahani ya mihogo kwa jirani wakati wa kufuturu. Alijifunza zaidi kwa ile sahani.

Nimbatize mtoto lini? Na kama sihudhurii jumuiya, watamkataa?

Sheria ya Kanisa inasema wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa ndani ya wiki za mwanzo. Kwetu wengi wanasubiri mpaka wapate hela ya sherehe, na mtoto anafika miaka mitatu. Ubatizo hauhitaji ukumbi wala keki. Gauni jeupe la kuazima linatosha, na pilau mtakula mwaka mwingine.

Kuhusu jumuiya, hapa ndipo penye manung'uniko mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Parokia nyingi zinataka barua au sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya kabla ya kuandikisha mtoto. Mama anakwenda, anaambiwa hajulikani, anarudi nyumbani na hasira. Ielewe mantiki yake: Kanisa linambatiza mtoto asiyeweza kujisemea kwa sababu lina tumaini kwamba atalelewa katika imani hiyo, na watu wanaoweza kulithibitisha tumaini hilo ni majirani mnaosali nao. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele tangu miaka ya 1970 kwa sababu hiyo, ili Kanisa liwe mahali ambapo mtu anafahamika kwa jina. Tumaini hilo likikosekana kabisa ubatizo unaahirishwa, haukataliwi.

Lakini nawaambia na viongozi wa jumuiya bila kuficha: mama mwenye watoto wawili chini ya miaka minne hawezi kufika kila Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, na deni la mchango si kipimo cha imani yake. Mtembeleeni. Mwezi wa kumi pelekeni rozari kwake, watoto walale mkekani tukisali. Na wewe mama, usisubiri siku unayohitaji barua. Jitambulishe mapema, toa namba yako, fika mara moja kwa mwezi kama ndiyo uwezo wako.

Msimamizi wa ubatizo awe nani?

Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, mwenye miaka 16 kamili, anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mmoja anatosha. Rafiki yako Mlutheri aliyebatizwa anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki. Usichague kwa kuangalia gari. Chagua atakayemuuliza mtoto wako, miaka 15 ijayo, kama bado anasali.

Nalea peke yangu, sina ndoa. Mtoto wangu atabatizwa? Na mimi?

Mtoto atabatizwa. Sharti ni ridhaa ya mzazi walau mmoja na tumaini la malezi ya Kikristo. Cheti cha ndoa si sharti la ubatizo wa mtoto. Papa Fransisko, tangu akiwa askofu mkuu wa Buenos Aires, aliwakemea hadharani mapadre waliowanyima ubatizo watoto wa kina mama wa namna hii.

Na wewe: kuwa na mtoto bila ndoa hakukufungii Ekaristi milele. Kama huishi na mwanamume nje ya ndoa, ungama, upokee Komunyo. Nimewaona kina mama wanakaa bencini miaka kumi wakati wengine wanapanga mstari, kwa kuwa mtu fulani aliwaambia wao ni basi tena. Nenda kwa paroko wiki hii. Kama unaishi na mwenzi bila kufunga ndoa, nenda pia, kwa sababu suala lenu lina njia yake, na mara nyingi kinachokwamisha ni mahari iliyobaki nusu na woga wa gharama za sherehe.

Mama mkwe amemfunga mtoto kamba nyeusi yenye hirizi. Nifanyeje?

Usiikate mbele yake. Kwanza zungumza na mumeo, yeye ndiye aongee na mama yake. Neno likitoka kwako litakuwa dharau. Hirizi ni kuweka tumaini la uhai wa mtoto kwenye kitu kingine badala ya Mungu, na Katekisimu inakataza kuivaa. Lakini elewa hofu ya bibi: huenda amezika watoto. Mwite siku padre au katekista anapokuja kubariki nyumba, mpe yeye mtoto amshike wakati anapobarikiwa. Na tahadhari: medali ya Bikira Maria tusiigeuze hirizi ya Kikatoliki. Inatukumbusha kusali, haina nguvu ya uchawi ndani yake. Shanga za urembo ni shanga tu, ziache.

Mtoto akipata degedege usiku, nianze na sala au hospitali?

Hospitali, ukisali njiani. Degedege kwa mtoto mdogo mara nyingi huja na homa kali, na malaria ni chanzo kimoja cha kuogopwa. Kila saa ina thamani. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize. Anayekuambia kwenda hospitali ni kukosa imani hajui Kanisa lake limejenga hospitali ngapi katika nchi hii. Bugando pale Mwanza ni mali ya maaskofu wetu.

Kama mtoto hajabatizwa na uhai wake uko hatarini, yeyote anaweza kumbatiza: wewe, nesi, hata asiye Mkristo akikusudia kufanya lifanywalo na Kanisa. Mwagia maji kichwani ukisema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Akipona, toa taarifa parokiani aandikwe na ibada zilizobaki zikamilishwe. Habatizwi tena.

Mwanangu alifariki kabla ya ubatizo. Yuko wapi?

Pole sana, dada. Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokolewe, na kwa upole wa Yesu kwa watoto. Katekisimu inasema hivyo kifungu cha 1261, na inatupa ruhusa ya kutumaini. Askofu anaweza kuruhusu mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Kama alizikwa haraka haraka bila sala kwa kuwa walisema "ni mimba tu", omba nia ya Misa kwa ajili yenu wazazi na kumkabidhi kwa Mungu. Mpe jina. Mtaje kwenye sala za jioni pamoja na ndugu zake. Mimi nataja mmoja.

Sipati muda wa kusali. Zamani nilisali rozari nzima kila siku.

Zamani ulikuwa na usiku mzima wa kulala. Sasa sala zako zitakatizwa, na Mungu anajua ni nani anayezikatiza. Sali ukifanya kazi: Salamu Maria moja kila unapotandika kitanda, "Moyo Mtakatifu wa Yesu, utuhurumie" kila unapoamshwa saa tisa usiku. Kengele ya saa sita mchana ikilia, Malaika wa Bwana hata kama mkono uko kwenye unga. Jioni sali tendo moja la rozari na watoto. Tendo moja, si matano! Nimeona nyumba ambazo rozari imekuwa adhabu, watoto wanasinzia wakichapwa, na wakikua wanaikimbia. Mwachie mwenye miaka mitano aongoze zile Salamu kumi. Atahesabu kumi na mbili, mwache.

Niwafundishe nini na lini?

Kabla hajajua kusema, shika mkono wake wa kulia umfanyie ishara ya msalaba kila usiku. Akiwa na miaka miwili mitatu atasema "Amina" kwa sauti kuliko wote. Miaka minne mpaka sita, Baba Yetu, Salamu Maria, na sala ya malaika mlinzi, pamoja na hadithi za Biblia, hasa zenye wanyama na bahari. Usimtishe mtoto kwa jina la Mungu: "Yesu atakuchapa" ni uongo, na mtoto anausadiki.

Akianza kucheza na wenzake, mpeleke Utoto Mtakatifu. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Forbin-Janson wa Ufaransa, kwa wazo dogo sana: watoto wawasaidie watoto, kwa Salamu Maria moja kila siku na sarafu ndogo kila mwezi. Kuhusu Komunyo ya Kwanza, Papa Pius X aliamua mwaka 1910 kwamba umri wa kutambua ni karibu miaka 7. Parokia zetu nyingi huchukua watoto baadaye zaidi kwa sababu ya mafundisho. Fuata utaratibu, ila nyumbani anza bila kusubiri katekista.

Natoka kazini saa mbili usiku. Dada wa kazi ndiye anayewalea.

Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliendesha biashara ya lesi kule Alençon, akazaa watoto tisa, wanne wakafariki wadogo, na akalazimika kumpeleka Teresa kwa mama wa kunyonyesha kijijini. Yeye na mumewe Louis walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Kazi haikufanyi mama nusu. Ila shika walau sala ya kulala, au ya asubuhi kama usiku unawakuta wamelala.

Na dada wa kazi: anapata Dominika yake ya kwenda kusali? Anakula mezani? Mshahara wake unalipwa kwa tarehe? Watoto wanaangalia hayo, na ndiyo katekesi yao ya upendo wa jirani.

Kanisa linataka nizae mpaka nichoke?

Halijasema hivyo popote. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1968, alifundisha uzazi wa kuwajibika: mume na mke, wakipima afya, uchumi na watoto walionao, wanaweza kwa sababu nzito kuamua kuachanisha uzazi kwa kufuata siku za mwili wa mwanamke. Njia za kisasa za asili si kuhesabu tarehe ukutani tu. Zinafundishwa, na zinahitaji mume anayeshiriki. Kunyonyesha nako kunasaidia pale mambo matatu yanapokuwepo pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, usilitegemee tena.

Nawapigia watoto kelele kila siku. Nahisi mimi ni mama mbaya.

Ukimkosea mtoto, mwombe msamaha kwa mdomo: "Mama amekosa, nisamehe." Haikushushii heshima. Lakini kama umejifungua karibuni, unalia bila sababu, huna hamu na mtoto, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, huo si udhaifu wa imani wala pepo. Ni ugonjwa unaotibika. Mwambie nesi kliniki leo hii, na mwambie mtu mmoja nyumbani asikuache peke yako.

Mume wangu haendi kanisani kabisa.

Usimfanye mfano mbaya mbele ya watoto. Mtakatifu Monika alimsindikiza mwanawe Augustino kwa sala na machozi miaka mingi, mpaka akabatizwa Milano usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Na mumewe Patrisi, mwenye hasira nyingi, alikuwa ameongoka kabla ya kufa. Mwombe mumeo kitu kidogo: awapokee watoto nje ya geti la kanisa Misa ikiisha. Wa jirani yangu alianza hivyo, anangoja nje kwenye bodaboda. Sasa anangoja ndani.

Nitaungamaje na watoto wameninng'inia?

Fika Jumamosi jioni kabla foleni haijawa ndefu, na mwambie mama aliye nyuma yako akushikie mkubwa, hakuna atakayekataa. Mchanga ingia naye. Mapadre wamesikia vilio vingi ndani ya kiti cha kitubio, hawatashangaa. Anayebaki nje ni yule aliyeanza kuelewa maneno.